SOMO LA MWEZI: BIBI THACKERAY, MWALIMU WA MBWENI

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 9:36-42.

Huko Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Yohana, kuna kaburi la Caroline Thackeray. Alikuwa Mwingereza, wa ukoo mmoja na mwandishi William Makepeace Thackeray. Hakuolewa.

Alifika Unguja mwaka 1877 katika Misheni ya Vyuo Vikuu (U.M.C.A.). Wamisionari wa chama hicho hawakulipwa mshahara, naye mali yake mwenyewe aliitumia kwa kazi ya Mbweni. Kwa miaka 25, hata 1902, alikuwa mkuu wa Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Mariamu.

Wanafunzi wake walikuwa nani? Ni wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na mabinti wa watu waliokombolewa waliokaa katika shamba la misheni. Walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, jiografia na kushona. Wengi wakawa walimu. Wale waliopungukiwa katika vitabu waliwekwa upande wa kazi za mikono: kusuka vikapu, kufua, kupika.

Hapo tupime. Sisi tuliofundisha twajua kwamba mtoto aliyeondolewa vitabuni mapema ni shida kurudi. Lakini tukumbuke pia kwamba watoto hao walikwisha kuhesabiwa kuwa bidhaa. Yeye aliwahesabu kuwa watu.

Tazama matunda. Lucy Magombeani, mwanafunzi wa Mbweni, aliolewa na Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Katika uzao wao alitoka John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Tanzania kuanzia 1984.

Bibi Thackeray alipoacha ukuu wa shule hakurudi kwao. Alikaa Mbweni mpaka kufa kwake, mwaka 1926.

Katika mitaa yetu wako walimu wanawake wasioolewa. Siku ya mchango twaijua sana njia ya kwao. Siku ya kuchagua wazee wa kanisa twawasahau, na wakiugua hakuna zamu ya kuwatazama. Wajane wa Yafa walisimama karibu na Tabitha.

Maswali ya kujadili:
1. Wajane walionyesha nini, na kwa nini?
2. Katika mtaa wako, ni nani anayetoa bila kuulizwa hali yake?
3. Mtamtembelea lini?