Somo la Kiingereza: Kauli ya Kutendwa katika Taarifa Zetu

Vikundi vyetu vingi huandika taarifa za robo mwaka kwa Kiingereza kwa sababu wafadhili husoma lugha hiyo. Katika somo hili tunaangalia kauli ya kutendwa: jinsi inavyoundwa, na wakati inapofaa.

1. Namna ya kuiunda

Kiswahili huingiza -w- ndani ya kitenzi. "Wanakijiji walichimba kisima" huwa "Kisima kilichimbwa na wanakijiji." Kiingereza huhitaji kitenzi "be", kisha umbo la tatu la kitenzi kikuu:

The villagers dug the well.
The well was dug by the villagers.

"Be" ndicho kinachobadilika kufuata wakati:

Kila mara: Seeds are stored here.
Wakati uliopita: Seeds were stored here.
Hali timilifu: Seeds have been stored here.
Wakati ujao: Seeds will be stored here.

Umbo la tatu la vitenzi vingi halifuati kanuni, hivyo tulikariri: write, wrote, written, give, gave, given, build, built, built.

2. Makosa ya kuepuka

(a) "Na" ya mtenda ni "by", si "with". Tukiandika "The well was dug with the villagers", msomaji ataelewa kuwa mtu mwingine alichimba, wanakijiji wakamsaidia. "With" hutaja chombo: dug with hoes.

(b) Kitenzi kisicho na mtendwa hakigeuzwi. Si "The meeting was happened" bali "The meeting happened", au "The meeting was held".

(c) Tutofautishe "imeharibika" na "imeharibiwa". Pampu iliyoharibika yenyewe: The pump has broken down. Pampu iliyoharibiwa: The pump has been damaged. Sentensi ya pili inaweza kuzua swali la nani aliyeiharibu.

3. Wakati inapofaa

Kauli hii inafaa pale mtenda asipojulikana: Three goats were stolen. Inafaa pia pale jambo lenyewe ndilo kiini cha habari: The road was closed for two weeks.

Lakini angalia sentensi hii: The money was spent. Kisarufi haina kosa, ila haisemi nani alitumia, kwa kitu gani, wala kwa idhini ya nani. Afadhali: The treasurer bought ten bags of maize seed, and the committee approved the payment. Sisi ni mawakili wa mali tuliyokabidhiwa, na wakili hutoa hesabu kwa kutaja watu na kazi zao.

Kauli hiyo pia huficha mema. "Five hundred trees were planted" huwaacha nje akina mama waliobeba maji kutoka mtoni. Tuwataje: The women's group planted five hundred trees.

Zoezi

Geuza ziwe kauli ya kutendwa:
1. The youth built the latrine.
2. The nurse will teach the mothers.

Majibu: 1. The latrine was built by the youth. 2. The mothers will be taught by the nurse.

Kisha chukueni taarifa yenu ya mwisho, mpigie mstari kila kauli ya kutendwa, na mwulizane: nani alitenda? Mungu awabariki katika kazi zenu.