Miguu ya Thieta: Mwongozo kwa Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji

Muuguzi wa wodi hutembea, wa thieta husimama. Ukishanawa na kuvaa gauni na glavu, huruhusiwi kuegemea ukuta wala kujikuna pua. Mikono inabaki mbele, kati ya kiuno na kifua, hata kama upasuaji uliopangwa kwa saa moja umefika saa ya nne. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi nahangaika kazini kutwa, mazoezi ya nini?" mwenzangu isahau. Kusimama tuli hakujengi mwili. Misuli ya vigimbi ndiyo husukuma damu kurudi juu, na isipochezeshwa, damu hutuama miguuni.

Hatua ya 1: anza na miguu. Chai ikiwa jikoni, shika ukingo wa meza, inua visigino polepole mara 15, pumzika, rudia mara mbili zaidi. Kisha keti kwenye kiti na kuinuka bila kujishikiza, mara 10. Ukizoea, chuchumaa bila kiti.

Hatua ya 2: tumbo na mgongo. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao. Sekunde 20 zinatosha kuanzia. Mwenye maumivu ya mgongo au mjamzito amwone kwanza mtaalamu wa mazoezi tiba.

Hatua ya 3: pumzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Shuka kituo kimoja kabla ya hospitali, umalizie kwa mguu, mwendo wa kuharakisha. Ukitoka zamu ya usiku, nenda kalale.

Hatua ya 4: kabla ya kunawa. Kula, kunywa maji, nenda msalani. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwenye upasuaji wa uzazi na chai kavu tumboni. Mtoto alikuwa ameshalia, tunahesabu vitambaa, nikaanza kupiga miayo chini ya barakoa, jasho baridi likanitoka, taa ikaanza kwenda mbali. Nilinyamaza kwa aibu. Ilikuwa kosa: ukisikia dalili hizo, sema, rudi nyuma mbali na meza, uketishwe. Afadhali gauni lichafuke kuliko kumwangukia mgonjwa. Na kama wewe ni mfupi, kitanda kimeinuliwa kumfaa daktari mrefu, omba kigoda cha kusimamia mapema. Kuinua mabega kwa saa tatu kutakuumiza shingo.

Upasuaji ukiendelea, hamisha uzito mguu huu na huu, kunja vidole ndani ya viatu, inua visigino kidogo. Hakuna atakayeona.

Hatua ya 5: kunyanyua. Mguu mmoja wa mtu una karibu sehemu ya sita ya uzito wake. Mgonjwa wa kilo 90 aliye kwenye nusu kaputi anakuachia kilo 15 hivi za mguu usiojisaidia hata kidogo. Inapobidi miguu iwekwe kwenye vishikizo, wainue watu wawili, yote miwili kwa pamoja, na kuishusha hivyohivyo taratibu, ili nyonga na mgongo wake visipinde na presha isishuke ghafla. Kumhamishia kwenye machela, ita watu wanne, mmoja akae kichwani ahesabu: moja, mbili, tatu. Hapa hata mwenye misuli ya mbeba mizigo asijaribu peke yake.

Nawe msimamizi wa thieta unayepanga zamu, weka mtu wa kumpokea aliyesimama muda mrefu, na kwenye maombi ya vifaa ya mwaka huu andika ubao wa kuhamishia wagonjwa na vigoda viwili.