Utando wa Seli na Mlango Ambao Kipindupindu Hakiufungi



Katika vipindi vyetu vya marudio naona wengi tunakariri njia za kupita kwenye utando wa seli kama orodha tu. Siku ya mtihani tunaiandika, kesho yake tumeisahau. Leo nataka tuisome kupitia ugonjwa tunaoujua hapa Bujumbura. Tarehe 1 Januari 2023 nchi yetu ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na si mara ya kwanza kutufikia.

Utando umejengwaje?

Utando ni mwembamba mno: unene wake ni kama nanomita 7 hadi 8. Umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa huelekea kwenye maji, nje na ndani ya seli. Mikia hujificha katikati. Humo zimepachikwa protini, nyingine zikipenya upande hadi upande. Mwaka 1972 Singer na Nicolson walieleza kwamba utando huu si ukuta mkavu, kwani molekuli zake huteleza na kubadilishana nafasi.

Kwa kuwa katikati ni mafuta, oksijeni hupenya yenyewe. Glukosi na ioni za chumvi haziwezi kupita hivyo. Zinahitaji mlango wa protini.

Njia nne za kupita

1. Difyusheni: chembe hutoka penye wingi kwenda penye uchache, bila seli kutumia nishati.

2. Osmosisi: maji huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Ndiyo maana samaki akipakwa chumvi hutoa maji.

3. Usafirishaji tendaji: seli hutumia nishati ya ATP kusukuma chembe kutoka penye uchache kwenda penye wingi. Pampu moja hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2.

4. Usafirishaji wa pamoja: chembe moja huingia ikiwa imeambatana na nyingine. Katika utumbo mwembamba, sodiamu 2 huingia pamoja na glukosi 1. Robert Crane alilieleza jambo hili mwaka 1960.

Ndugu msomaji, ishike vizuri hiyo njia ya nne.

Kipindupindu hufanya nini?

Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utando. Sumu yao huingia ndani ya seli za utumbo na kufanya mifereji ya kloridi ibaki wazi. Kloridi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji hufuata kwa osmosisi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, na akafariki siku hiyohiyo.

Ukimpa maji matupu, mengi yatapita tu. Lakini ule mlango wa sodiamu na glukosi sumu haiufungi. Ukimpa chumvi pamoja na sukari, vyote viwili huingia, na maji huvifuata. Kwa hiyo sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ni ufunguo wa mlango.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kwa nini kipimo ni lazima?

Pakiti ya ORS huchanganywa na lita 1 kamili ya maji safi. Ikikosekana, tumia lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe sukari. Ikibaki nyingi ndani ya utumbo, osmosisi itayavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kutaongezeka. Soda nayo ina hatari hiyohiyo.

Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku mkimwahisha kituo cha afya. Asiyeweza kunywa anahitaji dripu. Na akiugua mchana wa Ramadhani, asingoje magharibi: sheria imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine.

Jipime

1. Kwa nini ioni haipiti katikati ya tabaka mbili za fosfolipidi?
2. Ukichanganya pakiti moja na nusu lita ya maji, osmosisi itaelekea wapi?
3. Mweleze mama au jirani, bila kutumia neno hata moja la kitaalamu, kwa nini chumvi haitoshi bila sukari.

Swali la tatu ndilo ninalolitilia mkazo. Mtihani utapita, lakini mtaani kwetu kuna mtu ambaye siku moja atalihitaji jibu hilo usiku, kabla gari halijapatikana.