Roboti ya Kwanza na Hitilafu Zake

Roboti ya kwanza ya mwanafunzi kwa kawaida haiendi, na ikienda, haifiki inakotakiwa. Jambo hili huwavunja moyo wengi, na vifaa vilivyokusanywa kwa taabu hurudishwa kabatini kabla ya muhula kwisha. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu katika hitilafu hizo mna sehemu nzuri ya fizikia ya kidato cha tatu na cha nne ambayo mara nyingi huishia ubaoni.

Roboti ni mashine inayopokea habari za mazingira yake, ikazitumia kuamua, kisha ikatenda. Mfano wa awali ulioonyesha jambo hili kwa vifaa vichache ni ule wa William Grey Walter, mtaalamu wa ubongo aliyefanya kazi mjini Bristol, Uingereza. Mwaka 1948 na 1949 aliunda mashine mbili, Elmer na Elsie, ambazo watu walizifananisha na kobe. Kila moja ilikuwa na valvu mbili za redio, kipokea nuru kimoja, swichi moja ya mguso na mota mbili, basi. Na kwa hivyo vichache iliweza kuufuata mwanga na kukwepa vizuizi. Kobe hao wawili wa mwanzo waliharibika mara kwa mara. Wengine walio imara zaidi waliundwa baadaye, na watatu kati yao wakaonyeshwa London mwaka 1951.

Roboti ya kufuata mwanga inafaa bado kuwa ya kwanza kwa shule yoyote, hata iliyo mbali na maduka ya vifaa vya umeme. Chukua kwa mfano mwambao wa Ngumbo, katika Wilaya ya Nyasa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Mota mbili zaweza kutoka katika redio-kaseti mbovu, na magurudumu yakachongwa kutoka soli za kandambili kama watoto wanavyofanya kwa magari yao ya kuchezea. Kinachobaki kununuliwa ni betri nne za tochi, rezista mbili za mwanga, transista, na kompyuta ndogo ya chipu moja.

Hitilafu ya kwanza: roboti inayosahau

Mwanafunzi huunganisha kila kitu na kufungua swichi. Roboti hushtuka, husogea kidole kimoja, husimama. Kisha hushtuka tena. Taa ya kompyuta huzimika na kuwaka kila mara. Wengi hudhani programu imekosewa, wakaiandika upya hata mara tano. Programu haina kosa. Hitilafu imo katika betri, na hesabu yake ni nyepesi.

Betri nne za volti 1.5 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 6. Lakini kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme ni omu 0.4 kwa kila moja, yaani omu 1.6 kwa zote nne, na waya wa mota una ukinzani wa omu 3.4. Mota ikiwa bado haijaanza kuzunguka, mkondo ni 6 ÷ (1.6 + 3.4), yaani ampia 1.2. Volti zinazopotea ndani ya betri ni 1.2 × 1.6, au 1.92. Zinazobaki kwa mota na kompyuta pamoja ni 4.08 tu. Ikiwa kompyuta hiyo inahitaji volti 4.5 ili ifanye kazi, lazima izimike. Inapozimika, mota nayo huacha kuvuta mkondo, volti hupanda, kompyuta huamka na kuanza amri zake tangu mwanzo. Na mzunguko huo huendelea hadi betri ziishe.

Hapa mwalimu ana nafasi adimu ya kueleza jambo ambalo wanafunzi hulikariri bila kuliona. Mota inayozunguka hufanya pia kazi ya dainamo: huzalisha umeme unaopingana na ule wa betri. Ndiyo sababu mota iliyokwisha kushika mwendo huvuta mkondo mdogo kuliko inayoanza. Mkondo ukishuka hadi ampia 0.3, volti zinazopotea ndani ya betri ni 0.48 tu, na kompyuta haina shida.

Dawa ni kuipa mota betri zake na kompyuta betri zake. Lakini ncha hasi za seti hizo mbili ziunganishwe pamoja, la sivyo amri ya kompyuta haitakuwa na njia ya kurudia, na transista haitaitika. Kosa hili la pili hufuata lile la kwanza karibu kila mara, na huwasumbua hata mafundi wa redio.

Mchanga na jua

Roboti iliyotembea vizuri juu ya sakafu ya darasa hukwama ufukweni. Mota ya kaseti huzunguka upesi lakini nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo, na gurudumu jembamba huzama mchangani. Puli ndogo kwenye mota na puli yenye kipenyo mara kumi kwenye ekseli, zikiunganishwa kwa mkanda wa mpira wa baiskeli, hupunguza mwendo mara kumi na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kadiri ya mara kumi, ukitoa ile inayopotea katika msuguano. Gurudumu pana husaidia pia. Lakini afanyaye yote mawili kwa siku moja hatajua ni lipi lililomsaidia.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, William Kamkwamba wa kijiji cha Masitala alitumia utaratibu wa namna hii alipojenga kinu cha upepo mwaka 2002 kwa fremu ya baiskeli na dainamo yake. Mnara wake wa kwanza ulikuwa wa mita 5. Miti iliuzuia upepo, naye akaurefusha hadi mita 12. Hakukitupa kinu, alitafuta kilipo kizuizi.

Hitilafu ya jua ndiyo inayofurahisha zaidi. Darasani, roboti huifuata tochi kwa utii. Alasiri huko Ngumbo, ambako jua huzama upande wa ziwa na maji humetameta, roboti hiyo hiyo huiacha tochi na kuelekea majini moja kwa moja. Haikukosea: iliambiwa ifuate mwanga, nayo imeuona mkubwa kuliko wote. Aliyekosea ni aliyetoa amri bila kutaja ni mwanga upi. Wakati wa mchana hali ni nyingine tena. Jua kali huangaza mara mia kadhaa kuliko mwanga wa darasani. Ukinzani wa rezista zote mbili za mwanga hushuka mno, na roboti haiwezi tena kutofautisha kushoto na kulia. Vijibomba vya karatasi ngumu vilivyopakwa masizi, vikivikwa kila rezista, huzuia nuru ya pembeni. Majini bado itakwenda, isipokuwa ikiwekewa kihisi cha unyevu mbele.

Zoezi

Kundi la kwanza litumie betri mpya, la pili betri zilizokwisha kutumika katika tochi. Kila kundi lipime volti na ampia mara tatu: mota ikiwa haijaunganishwa, ikizunguka bure, na gurudumu likiwa limezuiliwa kwa mkono. Kipimo cha tatu kisizidi sekunde mbili, kwa maana karibu wati 5 hugeuka joto ndani ya mota ndogo na waya wake waweza kuungua. Kokotoa ukinzani wa ndani wa kila seti ya betri. Mwalimu atoe alama kwa daftari la vipimo, pamoja na vile vilivyokwenda kombo, bila kujali roboti ya kundi ilitembea au haikutembea.