Kuuza bati la ghala: Maswali kwanza, bei baadaye

MFANYABIASHARA anayejenga ghala Dar es Salaam haulizi duka moja. Hupiga simu tatu au nne Kariakoo na swali lake huwa lile lile: bati la geji 30 ni shilingi ngapi? Maduka mengi hutaja bei na mazungumzo yakaishia hapo. Mauzo mengi makubwa hupotea katika dakika hiyo, kwa sababu bei tupu haimsaidii mteja kulinganisha kitu.

Tuanze na geji yenyewe. Namba inapopanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jembamba zaidi. Wapo wateja wenye fedha zao wanaodhani 32 ni bora kwa kuwa namba ni kubwa, na wapo wauzaji wanaowaacha wadhani hivyo. Muuzaji anayetaka mteja arudi huandika kwenye profoma unene kwa milimita pamoja na geji.

Hasara kubwa zaidi hutokana na upana. Chukua mfano wa ghala lenye paa la pande mbili na urefu wa mita 30. Bati lina upana wa sentimita 90, lakini likilaliana na jirani yake kwa sentimita 12 linafunika sentimita 78 tu. Anayegawa mita 30 kwa sentimita 90 anapata mabati 34 kila upande, jumla 68. Hesabu sahihi ni 39 kila upande, yaani 78. Mabati kumi yanapungua fundi akiwa juu ya kenchi, vibarua wanalipwa kwa kukaa, na lori linakodiwa mara ya pili. Mteja hatamlaumu fundi. Atalilaumu duka lililompa profoma ya 68 bila kuuliza kama hesabu ni ya upana mzima au upana unaofunika.

Swali la tatu ni mahali. Ghala la Kigamboni karibu na ufuko si sawa na la Dodoma, kwani chumvi ya bahari hula zinki haraka. Bati lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki kwa kawaida hudumu zaidi kuliko la zinki peke yake. Bei yake iko juu, na muuzaji asipoeleza sababu mteja ataona anataka kuibiwa tu.

Hata mzigo ukishafika, kazi haijaisha. Mabati yakipangwa nje yakanyeshewa, maji hunasa katikati yake na kuacha madoa meupe ya kutu ya zinki kabla hayajapigwa msumari hata mmoja. Dereva akiambiwa amweleze mteja ayainue kutoka chini na kuyahifadhi pakavu, duka limeepuka ugomvi kwa sentensi moja.

Malalamiko yakija, kukana kwenye simu ni kosa. Mtu mwenye kipimio aende kwenye eneo la ujenzi siku hiyo au kesho yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Profoma iliyojazwa vizuri humlinda muuzaji kama inavyomlinda mteja.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuingiza mtaji katika duka la vifaa vya ujenzi, kuhesabu mabati yaliyomo stoo hakutoshi. Aombe nakala za profoma kumi za mwisho. Kama zina idadi na bei tu, bila unene, upana unaofunika, mahali pa jengo, wala kutaja kama bei ni pamoja na VAT, basi ashushe bei anayotaka kulipia duka hilo.