Tuunde au Tununue? Hesabu na Fizikia ya Ngalawa ya Resi

Resi za ngalawa ni miongoni mwa michezo ya kale inayopendwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Kikundi cha vijana wa Wete, Mkoani au Kojani kinapoamua kushiriki, swali la kwanza huwa hili: tuunde ngalawa mpya, au tununue iliyokwisha kuundwa? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kutazama bei tu. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba bei ni sehemu moja tu ya jibu, na kwamba mwanafunzi wa sekondari anayezijua kanuni za Newton na hesabu za kugawanya anaweza kuwaepusha wenzake na hasara kubwa.

1. Chombo na daraja lake

Ngalawa ni mtumbwi mwembamba uliochongwa katika gogo, mara nyingi la mwembe, wenye mlingoti, foromali na tanga la pembe tatu. Miti miwili hulazwa kukingama juu yake, na katika ncha za miti hiyo hufungwa mbao za pembeni, yaani matengo, ambazo huizuia isipinduke. Wataalamu wengi huuhusisha muundo huu na mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, ambao watu wa asili yao walifika Bukini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Resi huwa ya haki iwapo vyombo vinavyoshindana vinalingana. Kwa sababu hiyo, waandaaji huweza kuweka mipaka ya urefu wa chombo, ukubwa wa tanga au idadi ya mabaharia. Jambo hili si la baharini pekee. Huko Marekani yapo mashindano ya magari ambamo magari mawili hukimbia sambamba katika njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Nayo hupangwa katika madaraja, mengi yakizingatia uzito wa gari na nguvu za injini. Washindani wa huko nao hujiuliza kama waunde au wanunue. Funzo la kwanza ni moja kwa wote: soma sheria za daraja lako kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ngalawa iliyo bora lakini imezidi kipimo haitaruhusiwa kushindana.

2. Kasi hutoka wapi?

Chombo kinapokwenda huzusha mawimbi. Kadiri kasi inavyoongezeka, wimbi hurefuka, hata likalingana na urefu wa chombo chenyewe. Hapo chombo huwa kama kinapanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Kasi hiyo, kwa mita katika sekunde, hukaribia 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa mita. Kwa ngalawa ya mita 6 tunapata mita 3.06 kwa sekunde. Kwa ya mita 7, mita 3.31. Basi mita moja ya ziada huongeza asilimia 8 hivi. Ngalawa, kwa wembamba wake, huzusha mawimbi madogo, na upepo ukiwa mzuri huweza kuupita mpaka huo. Lakini kanuni hii yatosha kwa kulinganisha.

Sasa tutazame uzito. Tuseme upepo unavuma kwa mita 6 kwa sekunde na tanga lina mita 12 za mraba. Uzito wa hewa ni kilo 1.2 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo kanieneo ya upepo ni ½ × 1.2 × 36, yaani niutoni 21.6 kwa kila mita ya mraba, na kani juu ya tanga zima ni niutoni 259. Tuchukulie kwamba nusu yake, yapata niutoni 130, ndiyo inayosukuma mbele. Ikiwa ngalawa na mabaharia wake ni kilo 400, mchapuko, yaani ongezeko la kasi katika kila sekunde, wakati wa kuanza utakuwa 130 ÷ 400 = 0.325. Ongeza kilo 40 za maji yaliyonywewa na mbao, nao hushuka hadi 0.295. Tumepoteza sehemu moja katika kumi na moja kabla hatujatoka mstarini.

Uzito huo wa ziada waweza kuwapo katika njia zote mbili. Gogo lililokatwa karibuni lina maji mengi ndani yake, na fundi akiharakishwa kulichonga kabla halijakauka, chombo huwa kizito na huenda kikapasuka. Ngalawa kuukuu nayo huweza kuwa imelowa miaka mingi.

3. Pima kabla ya kulipa

Mwenye kununua ana faida moja ambayo mwenye kuunda hana: anaweza kukijaribu chombo. Yafaa afanye vipimo vitatu.

Kwanza, uzito. Iweke ngalawa pwani, ncha moja juu ya mizani ya kupimia magunia ya karafuu na ncha ya pili juu ya gogo la kimo kile kile. Soma mizani, kisha geuza. Jumla ya vipimo viwili ndiyo uzito wa chombo chote. Sababu yake ni kanuni ya mizani ya wenzo, na mwalimu awape wanafunzi kazi ya kuithibitisha.

Pili, uzima wa mbao. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka omo hadi tezi. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyoliwa hulia kwa sauti ya uwazi. Mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ingawa umbo lake ni la mnyoo, kwa hakika ni jamaa wa chaza. Huingia kwa tundu dogo sana akiwa mchanga na kukua ndani, hata mbao iliyo nzima kwa macho ikawa tupu.

Tatu, kasi. Pima mita 500 ufukoni, upepo ukivuma kutoka ubavuni, kisha enda na urudi, maana mkondo wa maji hudanganya. Tuseme kwenda ni sekunde 160 na kurudi ni 200. Kasi zake ni mita 3.125 na 2.5 kwa sekunde. Wastani wa kasi hizo, 2.81, ndiyo kasi ya chombo chenyewe, na nusu ya tofauti yake, 0.31, ndiyo kasi ya mkondo.

4. Gharama ya kila msimu

Bei si gharama. Gharama ya mwaka ni bei ya mwanzo, toa utakachopata ukiuza, gawanya kwa miaka ya matumizi, kisha ongeza matengenezo ya mwaka. Kwa mfano wa kujifunzia tu, tuseme kuunda hugharimu vizio 100, matengenezo vizio 4 kwa mwaka; kununua kuukuu ni vizio 60, matengenezo vizio 10.

Kikundi kikikaa na ngalawa mpya miaka 10 bila ya kuiuza, gharama ni 100 ÷ 10 + 4 = vizio 14 kwa mwaka. Ile kuukuu, ikidumu miaka 3, ni 60 ÷ 3 + 10 = vizio 30. Hapa kuunda kumeshinda. Lakini tuseme kikundi kitashindana misimu miwili tu, kisha kiuze mpya kwa 60 au kuukuu kwa 30. Kuunda ni 40 ÷ 2 + 4 = 24; kununua ni 30 ÷ 2 + 10 = 25. Tofauti imekaribia kwisha. Kumbe jambo linaloamua si bei bali ni muda: mtakaa pamoja miaka mingapi? Wanafunzi wa kidato cha nne wanaokaribia kuondoka hawana jibu sawa na wavuvi wa kijiji.

5. Yasiyoingia katika hesabu

Mambo mawili hayahesabiki kwa vizio. La kwanza ni mti. Mwembe wa kutoa gogo la ngalawa huchukua miongo ya miaka kukua, na umekuwa ukiwalisha watu maembe muda wote huo. Kikundi kinachokata mmoja hakina budi kupanda kadhaa. La pili ni elimu ya fundi. Namna ya kuipima mbao kwa jicho, kuchonga kwa tezo bila ya kutoboa, na kuyapanga matengo yasiburute maji wala kuinuka mno, haikuandikwa katika vitabu vya kutosha. Boti za faiba zimekwisha kuenea pwani yetu. Fundi akikosa mwanafunzi, elimu hiyo huzikwa naye. Shule ikiunda ngalawa moja chini ya fundi mzee, huku wanafunzi wakiandika kila kipimo, imepata chombo na kitabu kwa pamoja.

Ipo pia njia ya kati, ambayo kwa vikundi vingi ndiyo bora: kununua gamba lililo zima, kisha kushona tanga na kutengeneza foromali wenyewe. Tanga ndiyo injini ya ngalawa, na mabadiliko yake ni rahisi kujaribiwa na kusahihishwa. Ila tahadhari moja: msipunguze ukubwa wa matengo kwa kutafuta wepesi. Mbao hizo ndizo uhai wa mabaharia.

Kwa ufupi: mwenye muda na fundi, aunde, mwenye msimu mmoja mbele yake, anunue baada ya kupima, asiye na hakika, anunue gamba na aunde tanga. Kasi ya mazoezi, hata hivyo, hainunuliwi popote.

Maswali ya kujipima

1. Tafuta kasi ya wimbi kwa ngalawa ya mita 5. Je, ni asilimia ngapi ya ile ya mita 6?
2. Upepo ukiongezeka kutoka mita 6 hadi 9 kwa sekunde, kani juu ya tanga huongezeka mara ngapi?
3. Katika mfano wa sehemu ya 4, linganisha gharama ikiwa kikundi kitakaa miaka 3, kisha kiuze mpya kwa vizio 52 na kuukuu kwa vizio 15.
4. Mwulize fundi wa vyombo aliye karibu nawe anavyojua kwamba gogo limekauka. Eleza jibu lake kwa kanuni za sayansi.