Kufundisha Kasi ya Diski kwa Mfano wa Kahawa

Baadhi ya wanafunzi wetu wa Bukoba na Muleba hudhani kwamba diski yenye kasi huuharakisha mchezo wenyewe wa kompyuta. Twapendekeza mwalimu aanze na kahawa. Diski ni ghala, usomaji wake ni lori, kichakataji ni kiwanda. Lori likienda upesi, kazi huanza mapema. Mitambo haiongezi mwendo kwa sababu hiyo.

Hesabu ifuate ubaoni. Tuseme mchezo wahitaji megabaiti 6,000 ili uanze. Diski ya sumaku isomayo megabaiti 120 kwa sekunde itachukua sekunde 50. Diski isiyo na sehemu izungukayo, isomayo 500, sekunde 12. Data zikitawanyika tofauti huzidi, maana diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika hutumia takriban milisekunde 8.3 kwa kila mzunguko, na kichwa chake hakina budi kungoja.

Mwanafunzi mdadisi atauliza: mbona michezo mingine hukwama katikati? Swali zuri. Michezo yenye mandhari pana huendelea kusoma diski huku mchezaji akitembea. Lori likichelewa, kiwanda husimama. Lakini picha zikikatika ilhali diski imetulia, shule isinunue diski. Ikague kwanza kichakataji na kadi ya picha.